Shukrani za Watu Wengine

Mke wangu Veneranda anaanika dagaa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanaotujua kwa mbali hudhani anaishi kwa kuandika, na wanaotujua kwa karibu hudhani kuandika si kazi. Wote wamekosea. Alfajiri huwa yupo mwaloni Kibirizi, mitumbwi inapoingia, akigombania mzigo na wanawake wenzake. Huwamwaga dagaa kwenye vichanja vya wavu, huwageuza jua linapopanda, huwafunika kwa turubai mvua inapotishia, na jioni hurudi nyumbani Buzebazeba akiwa na harufu ambayo sabuni ya mche imeshindwa nayo kwa miaka yote ya ndoa yetu.

Kuandika anaandika mwezi ukiwa mkubwa. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, taa hazina maana tena, dagaa hawazifuati. Wavuvi huvuta mitumbwi mchangani, hushona nyavu, hulala kwa wake zao, na vichanja vya Veneranda hubaki vitupu. Basi hizo ndizo siku zake. Huketi kwenye meza ya chakula, akasukuma vikombe pembeni, akaandika nyimbo za kwaya, ngonjera za watoto wa Kipaimara, hotuba za sendofu, na hadithi zake mwenyewe ambazo huzifungia kabatini na hazionyeshi kwa mtu.

Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Napenda kitu kiwe mahali pake. Nimemwangalia mke wangu kwa muda mrefu, na nimegundua kwamba siku za kwanza za mwezi mkubwa huwa haandiki kitu. Anakaa. Anaangalia kuku. Anakata kucha. Anafungua redio, anaizima. Siku ya tatu au ya nne ndipo kalamu inapotoka. Ukimnyima zile siku za kukaa, ataandika tu, lakini vitakavyotoka havimfurahishi, na anakuwa mkali nyumbani hata kwa sufuria.

Sasa, Noeli ya mwaka juzi ikaangukia katikati ya mbalamwezi.

Mtu wa Dodoma atasema hiyo ni bahati. Mimi naishi hapa. Noeli ikiangukia giza, nusu ya wanaume wa jumuiya yetu wako ziwani, na sikukuu inapita kwa utulivu. Mwaka ule wote walikuwa nchi kavu, wameoga, wamenyoa, hawana pa kwenda, na kila mmoja wao alikuwa anataka shukrani.

Inabidi nieleze. Jumuiya yetu ndogondogo ina kaya kama ishirini hivi. Jumapili ya mwisho ya mwaka, baada ya Misa, tunakutana nyumbani kwa mwenyekiti, tunasali, kisha kila nyumba inasimama na kumshukuru Mungu mbele ya wenzake kwa mwaka unaokwisha. Zamani mtu alisimama akasema, "Namshukuru Mungu nipo, na watoto wapo," akakaa, tukala pilau. Halafu mwaka mmoja mzee mmoja mjane, ambaye kigugumizi kilimsumbua sana, akamwomba Veneranda amwandikie maneno machache ayasome. Mzee akasoma, watu wakalia. Mwaka uliofuata wakaja watatu. Baada ya hapo kusimama bila karatasi ikawa kama kwenda harusini na kandambili.

Na kila mtu anajua karatasi zinatoka wapi, ila hakuna anayesema. Mtu anasimama, anakohoa, anaifunua karatasi yenye mwandiko wa mke wangu, anasoma kwa kutetemeka, sisi tunapiga makofi kana kwamba alikesha akitunga. Akikaa, jirani yake anamwambia, "Umesema vizuri sana," naye anajibu, "Ni Roho tu." Huo ndio utaratibu wetu. Jumuiya nyingine sijui wanafanyaje.

Lakini mwaka ule Veneranda mwenyewe alikuwa na jambo lake. Katikati ya mwaka alipasuliwa uvimbe shingoni. Kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji daktari alimweleza waziwazi kwamba mishipa ya sauti iko karibu na pale watakapokata, na kwamba anaweza kuamka na sauti nyingine, au asiwe nayo kabisa. Veneranda ni sauti ya kwanza ya kwaya tangu akiwa msichana. Alitia sahihi, akanikabidhi pochi yake. Baada ya upasuaji alikaa wiki kadhaa akiongea kwa ishara ya mikono. Sauti iliporudi ilirudi nzito kidogo, na mkwaruzo, kama mlango unaohitaji mafuta. Kuimba sauti ya kwanza hawezi tena. Kuongea anaongea.

Wiki ya Noeli ilipokaribia akaniambia, "Baba Diana, miaka yote wewe ndiye unasimama kwa niaba ya nyumba hii. Unasema maneno mawili, unakaa."

"Yanatosha."

"Kwako yanatosha. Mwaka huu nasimama mimi. Nataka niseme lile la shingo yangu, na niliseme ninavyotaka mimi. Nina maneno ninayatunza tangu hospitali."

"Sema."

"Basi nipe hizi siku. Kuanzia kesho ya Noeli hadi Jumapili, nataka nikae kwanza. Nikae tu. Halafu niandike."

Nikamwahidi. Ilikuwa ahadi rahisi, nilidhani. Duka limefungwa, binti yetu Diana alikuwa kikazi Mpanda na hakupata ruhusa, nyumba ni sisi wawili. Kumwacha mtu mmoja akae kwenye kiti chake mwenyewe kuna ugumu gani?

Bonifasi alifika kesho ya Noeli kabla hatujamaliza chai. Bonifasi ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Ana mitumbwi miwili na sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka majini. Siwezi kusema alikuja mikono mitupu, kwa sababu mikono yake ilikuwa mifukoni.

"Hodi humu! Mama Diana yupo? Najua yupo, mwezi mkubwa huu, atakwenda wapi."

"Amepumzika, mwenyekiti," nikasema, nikiwa nimesimama mlangoni.

"Vizuri sana. Basi hana kazi."

"Amepumzika ndiyo kazi yenyewe."

Akacheka, akanipita ubavuni kama mtu anayepita turubai. "Feliksi bwana, una maneno! Mama Diana, shikamoo ya sikukuu. Nataka kitu kidogo tu. Mistari mitatu minne. Ile siku ya tufani vijana wangu walivyorudi salama na mashine mpya ya mtumbwi. Weka na ziwa kidogo. Weka na machozi."

"Machozi ya nani?" Veneranda akauliza.

"Ya wasikilizaji."

Nilimtazama mke wangu, nikamkazia macho. Naye akamtazama Bonifasi, na nikaona kabisa anavyolegea. Huyu mwanamke anaweza kupigana na mchuuzi mwaloni mpaka ndoo ipasuke, lakini mtu akimwambia "niandikie," hajui kukataa.

"Ulijisikiaje walipofika?" akamuuliza.

"Nilijisikia vizuri."

"Vizuri namna gani?"

Bonifasi akafikiri. "Vizuri ya kawaida."

"Kabla hawajafika, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nimekaa."

Ndiyo maelezo yote aliyotoa. Veneranda akakaa na kalamu kwa muda mrefu, chai yake ikapoa, Bonifasi akamalizia maandazi. Mwishowe akaandika. Alipomsomea nilisikia mahali pamoja: "Nilikuwa nimebana pumzi bila kujua, na siku ile nikaiachia." Bonifasi akasema, "Hapo! Hapo ndipo penyewe!" Akaikunja karatasi, akaondoka bila kurudisha kiti mahali pake.

"Hilo la pumzi si la tufani," nikamwambia mke wangu tulipobaki wawili.

"Si la tufani," akakubali. "Ni la siku ile daktari aliponiambia nijaribu kusema jina langu. Lakini linamfaa."

"Kwa hiyo umempa."

"Nina mengine."

Mchana wake akaja Rozalia. Rozalia ni mshonaji, jirani wa nyumba ya tatu, mjane, mtu mwema sana, na ningemkaribisha siku yoyote nyingine. Binti yake alijifungua kwa shida mwaka ule, mtoto akachelewa kulia, wakakaa roho juu. Alianza kueleza akalia yeye mwenyewe. Ungemfukuzaje? Veneranda akamwandikia kwamba sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ndogo kama ya kifaranga, na masikioni mwake ikajaa nyumba nzima. Nilikuwa naosha vyombo, mikono ikasimama ndani ya povu. Nilikuwepo hospitali siku Veneranda aliposema "Veneranda" kwa mara ya kwanza. Najua kifaranga ni nani.

Kesho yake walikuja wengi. Nilijaribu kila njia ya kistaarabu. Niliwaambia anaumwa kichwa. Wakaja kumpa pole, na baada ya pole wakatoa shida zao. Niliwaambia ametoka, wakasema watasubiri, wakaomba maji. Mwishowe nikaenda dukani nikafungua stoo, nikachukua kile kibao tunachotundika wakati wa kukagua mali, TUMEFUNGA – TUNAHESABU MALI, nikakitundika kwenye geti. Wakapita uani, kupitia jikoni. Mama mmoja aliniuliza kwa huruma kama tunafungua biashara.

Aliyenikera kupita wote alikuwa Meshack. Ni kijana wa mtumbwini kwa Bonifasi, anaimba sauti ya nne. Mkewe alikuwa amerudi kwao Kasulu tangu Pasaka kwa sababu ya mambo ambayo yeye Meshack hakuyafafanua, akarudi mwezi wa kumi na moja. Meshack alitaka kushukuru kwa hilo, mbele ya watu, mkewe akiwepo.

"Mwambie nyumbani," nikamshauri. "Ni bure."

"Nyumbani ananikatiza, mzee."

"Basi kubali kukatizwa."

"Mzee Feliksi, wewe una mke anayejua maneno. Sisi wengine tunabahatisha. Mama, nisaidie. Nikisema mwenyewe nitaharibu, atarudi tena Kasulu, na sasa nauli imepanda."

Veneranda akacheka mpaka ule mkwaruzo ukatoka kikohozi. Na nilijua akicheka tumekwisha. Akamwandikia: "Nimepewa tena kitu nilichokuwa nacho, na mara hii ya pili ndipo nimekipokea kwa mikono miwili." Meshack akaisoma akasimama wima kama askari. "Mama," akasema, "hapa hata mimi mwenyewe ningejirudia."

Wa pekee aliyekubali jibu la hapana alikuwa Hamdani wa Kasingirima, ambaye si mtu wa jumuiya, ni Mwislamu, mshona nyavu na rafiki yangu wa siku nyingi. Alikuja Ijumaa na hotpoti la biriani kutoka kwao.

"Bwana Feliksi, umekuwa askari wa geti? Nilete kitambulisho changu, niandike jina?"

"Unataka nini?"

"Nimekuja kula sikukuu yenu kwa kuwaletea chakula, ndivyo mnavyotufanya. Halafu nilitaka beti mbili tatu za harusi ya mpwa wangu. Shemeji yupo?"

"Yupo. Amechoka, Hamdani. Hajakaa hata siku moja."

Akanitazama usoni, kisha akatazama ndani, ambako Rozalia alikuwa amerudi kuomba jina la mkwe wake liongezwe kwenye karatasi. "Basi," akasema. "Tutaimba zile za mwaka jana. Bibi harusi ni mwingine, hatajua." Akanikabidhi biriani, akaondoka zake. Nilitamani kumkimbilia na kumwomba awe mwenyekiti wa jumuiya yetu, dini iwekwe pembeni.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi, na ndiyo maana hakuja mtu. Nikaitandaza karatasi mezani, nikaweka kalamu mbili, moja ya akiba. Veneranda akakaa. Nikaenda uani kuziba tundu la bati ili nisimsumbue. Niliporudi karatasi ilikuwa na mstari mmoja, umekatwa. Nikatengeneza chai. Mistari miwili, yote imekatwa.

"Kuna nini?"

"Kila ninachoandika nakikumbuka."

"Si ndiyo vizuri?"

"Nakikumbuka kwa sababu nimeshawapa, Baba Diana. La pumzi amechukua Bonifasi. La kifaranga yuko nalo Rozalia. La mikono miwili, lile nililitunga nikiwa kitandani hospitali, usiku nimelala chali siwezi kugeuka. Nimempa Meshack kwa sababu ya nauli ya Kasulu."

"Waambie warudishe."

"Hayo si misumari. Ukimpa mtu neno limekwenda."

"Basi andika mengine! Wewe hukosi maneno. Kila siku watu wanasema hukosi maneno."

Hapo akaiweka kalamu chini. "Hayo mengine yatoke wapi? Nilikwambia nataka nikae kwanza. Nimekaa saa ngapi? Maneno nilikuwa nayo haya haya, ya mwaka mzima, nimeyatoa yote kwa siku nne. Sasa natafuta nashika hewa."

Nikakasirika. Sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nikawakasirikia wote: Bonifasi na mikono yake mifukoni, Rozalia na machozi yake, Meshack na ndoa yake, na huyu mwenyewe aliyeketi mbele yangu ambaye mdomo wake ungeweza kusema neno moja dogo la "hapana" tangu siku ya kwanza. Nilimwambia hivyo. Akasema najua. Nikasema kama unajua mbona hukusema. Akasema, "Wakija na shida zao, naiona yangu ndani yake. Nikiiona, mkono unakwenda." Sikuelewa na bado sielewi sawasawa. Jioni akalala mapema, karatasi ikabaki mezani.

Jumapili tulikwenda kwa Bonifasi. Mvua ilikuwa imeacha matope, viti vya plastiki vilikuwa vimezama miguu. Melania, mke wa mwenyekiti, alikuwa amepika kwa mawese mpaka mtaa mzima unajua. Watu walijaa kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Wanaume wote wa ziwani walikuwepo, mashati yamepigwa pasi, na kila mfuko wa shati una karatasi imechungulia. Nilizitambua kwa mikunjo. Veneranda hukunja mara nne.

Tukasali rozari, tukaimba. Kisha Bonifasi, kama mwenyeji, akaanza. Alisoma vizuri, lazima niseme. Alipofika kwenye pumzi, akanyamaza kidogo kama alivyoelekezwa, na Melania akashika mdomo. Nikamtazama Veneranda. Midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na ya Bonifasi, neno kwa neno. Akaja Rozalia, akamaliza katikati ya vilio. Wakaja wengine. Akaja Meshack, akaipigia magoti kabisa ile mikono miwili, vigelegele vikapigwa, mkewe akainama akajifunika uso kwa khanga. Kila mmoja alipokuwa akikaa nilisikia: "Umesema vizuri." "Ni Roho tu."

"Nyumba ya Feliksi," akaita Bonifasi.

Nikaanza kusimama kwa mazoea. Nilikuwa nimeamua nitasema namshukuru Mungu tupo, yaishe. Veneranda akanivuta koti, nikakaa, akasimama yeye. Hakuwa na karatasi. Watu wakageuka wote kumtazama, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti ile mpya mbele ya wote, na kwa sababu sasa alisimama mwandishi mwenyewe, wakadhani watasikia mambo.

"Mwaka huu nilikuwa karibu kupoteza sauti," akasema. "Sikuipoteza. Nilikuwa na maneno ya kumshukuru Mungu kwa hilo. Nilikuwa nayo mazuri sana." Akasita. Nilidhani atakaa. "Lakini mmeshayasikia. Pale mwenyekiti aliposema alikuwa amebana pumzi, ile ilikuwa pumzi yangu. Pale dada Rozalia aliposema sauti ya kifaranga, yule kifaranga ni mimi. Mikono miwili ya Meshack ni yangu hii hapa." Akainyoosha. "Sasa nimechoka, na sina mengine. Naomba muyakusanye mliyoyasikia toka kwa wote, muyaunganishe, ndiyo shukrani yangu. Asante Mungu."

Akakaa.

Kuku mmoja alikatiza uani, watu wote wakamfuata kwa macho kama mtu anayeshukuru kupata pa kutazama. Halafu mke wa Meshack akaifunua ile khanga usoni.

"Nilijua!" akasema. "Nilijua mimi! Mtu hata samahani hajui kuitamka, ile mikono miwili ataitoa wapi?"

"Lakini nilimweleza mimi!" Meshack akasema. "Kilio kilikuwa changu, yeye kapanga tu!"

"Nenda ukalie mwenyewe basi nikusikie."

Pakalipuka kicheko, ila si cha wote. Rozalia alikuwa ameikunja karatasi yake mikunjo midogo midogo. "Kwa hiyo mjukuu wangu kalia kwa sauti yako, Mama Diana?" akauliza, na sikuweza kujua kama anatania.

"Alilia kwa yake, dada. Mimi nilimwazima maneno tu."

Bonifasi ndiye hakucheka kabisa. Wakati wa soda alipita kwenye viti vyote, akafika kwetu, akaturuka. Kisha akarudi, kwa sababu yeye ni mwenyekiti. "Mama Diana," akasema kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya Bonifasi inasikika mpaka barabarani, "umenivua nguo nyumbani kwangu, mbele ya watu wangu wa mtumbwini. Si ungeniambia huna nafasi?"

Hapo mimi, mtu ambaye jumuiya nzima inanijua kwa kunyamaza, nikajikuta nimesimama. "Nilikwambia mimi," nikasema. "Mlangoni kwangu. Ukanipita kama turubai."

Bonifasi akaniangalia kana kwamba kiti kimezungumza. Akaweka soda mbili mbele yetu, za moto, akaondoka. Kabla ya sala ya kufunga akatangaza kwamba mwaka unaofuata kila mtu atasema kwa kinywa chake, atakavyojaliwa, na kwamba karatasi zimesimamishwa hadi hapo uongozi utakapokaa. Mpaka leo uongozi haujakaa.

Njiani, tulipofika kwenye daraja la mfereji, Veneranda akasimama.

"Nimeharibu?"

"Umeharibu."

"Sikupanga. Nilisimama nikakuta hakuna kitu kingine cha kusema."

"Lilikuwa la kweli," nikasema. "Lakini umeharibu."

Sikukuu ya Mwaka Mpya hakuna aliyegonga. Siku ya pili, hakuna. Wanawake waliokuwa wanapita jikoni kwetu sasa walizunguka kwa barabara ya juu. Meshack nilikutana naye sokoni, akanisalimia kwa mbali, lakini alikuwa na mkewe, wamebeba wote wawili fungu moja la samaki wa migebuka, wakicheka, kwa hiyo ndoa ilikuwa haijafa. Rozalia alitutumia sahani ya maandazi kupitia mtoto wa jirani, bila salamu, na sahani ilikuwa ya kwetu, imerudi baada ya miaka. Nilihesabu hilo kama amani.

Kwa mara ya kwanza nyumba ilikuwa kimya. Nilifurahi, nikajipanga. Niliondoa vikombe mezani, nikaleta karatasi mpya na kalamu. Veneranda akatoka chumbani saa nne, akaipita meza, akaenda kukaa kwenye benchi la barazani. Akaangalia kuku. Mchana akalala. Jioni akakata kucha. Nikasema sawa, ndivyo anavyoanza. Siku iliyofuata akafanya vilevile, na iliyofuata. Mwezi ukawa umeanza kuchelewa kutoka. Vijana wa Bonifasi walionekana wakipakia taa na mafuta, maana saa za kwanza za usiku giza lilikuwa limerudi. Siku mbili zaidi angekuwa tena mwaloni, na karatasi yangu ilikuwa nyeupe kama nilivyoiweka.

Nikamfuata barazani.

"Mama Diana. Mwezi unaisha. Hujaandika hata mstari."

"Sijaandika."

"Hata lile la shingo? Sasa hakuna anayekusumbua. Uliandike, hata kama Jumapili imepita. Maneno hayajarudi?"

"Mawili matatu yamerudi."

"Yako wapi?"

"Yapo. Nimeyaacha yakae."

Nilikaribia kupandisha sauti. Wiki nzima nililinda geti, nimegombana na mwenyekiti, nimekunywa soda ya moto mbele ya watu. "Sasa yote haya tulifanya kwa ajili gani? Kama huandiki, watu wametununia kwa faida ipi?"

Akanitazama, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukiona mwaka mzima, uso wa mtu aliyeshiba usingizi. "Baba Diana, wewe ulidhani napumzika ili niandike."

"Ulisema mwenyewe. Nikae, halafu niandike."

"Nilisema. Nilikuwa nakutafutia sababu utakayoielewa." Akasogea kwenye benchi. "Tangu nilipotoka hospitali sijakaa mahali nikajisikia tu kwamba nipo. Sasa najisikia. Kaa."

Nikakaa. Mbele yetu kulikuwa na uwanja, kamba ya nguo, mgomba, na ziwa kipande kidogo katikati ya mapaa mawili. Veneranda akaanza kuvuma wimbo bila maneno, kwa ile sauti nzito, sauti ya pili sasa. Nilijaribu kusikiliza. Nikaona kichwa cha msumari kimechomoza kwenye mguu wa benchi. Kinaweza kuchana gauni la mtu. Nikainuka taratibu kwenda kutafuta nyundo.

"Kaa, Feliksi!" akasema, na kwa kweli alikuwa amekasirika.

Nikakaa.